Mashimo Saba Kando ya Mkondoa

Mwanangu Skola,

"Mzee wangu, muuguzi anasomea mgonjwa. Takataka zina mfagizi wake." Ulimsikia mwenyewe mkufunzi mkuu akisema hivyo wiki iliyopita tulipopeleka fomu zako chuoni. Nilikuwa nimemwuliza swali moja tu: kati ya masomo yote yale aliyoyabandika ukutani, ni lipi litakalomfundisha binti yangu kitu kinakwenda wapi kikishatoka mkononi mwake? Akatabasamu, akajibu hivyo, nami nikaanza kupaza sauti. Ukanivuta mkono wa koti. "Baba, basi. Baba, watu wanatuangalia."

Basi nimjibu hapa, ambapo hakuna anayetuangalia. Asemalo si kweli. Mfagizi hakuifungua ile sindano, hakumchoma mtu, hakuichomoa ikiwa na damu. Yeye hupewa ndoo iliyofunikwa kwa gazeti, haambiwi kilichomo, hana glavu, mara nyingi hana hata viatu. Anayejua kilichomo ni yule aliyesoma, na anayejua ndiye mwenye kazi. Tena mgonjwa huyo mnayemsomea akipona hakai wodini. Anarudi kulima, kuteka maji, kutembea peku. Chuo kinachofundisha kumtibu mtu kitandani huku kikimtegea miba shambani kwake kimefundisha kazi mbili, na ya pili inaibomoa ya kwanza.

Unaona nilivyo mwepesi wa kujibu. Ningeweza kujaza kurasa kumi kwa mtindo huu, na baadhi ya wahariri wa magazeti wanajua kwamba nimewahi kuzijaza. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu mkufunzi yule nilimfundisha mimi. Alikuja hapa Kilosa akiwa kijana mwembamba wa mafunzo kwa vitendo, na neno lile alilonijibu, ukilifuta vumbi, utakuta ni somo langu mwenyewe. Ndiyo maana niliacha kupaza sauti. Ulidhani nimekusikia wewe. Sikukusikia. Nilijisikia mwenyewe.

Umekwenda mtaani Magomeni kuaga, na mama yako anakufungia sanduku la bati. Maagizo ya sabuni, ya ndala, ya kuweka akiba na watu wa kujihadhari nao ameshakupa yote, na anajua kuyapanga kuliko mimi. Mimi ninalo jambo moja tu la kukupa, na si agizo. Unaondoka kesho ukiamini jambo lisilo kamili juu ya shangazi yako Pelagia. Nimekuficha kwa miaka minne. Ukilisikia huko kwa mtu mwingine, utanipoteza. Ukilisikia kwangu, huenda pia. Matokeo siwezi kuyachagua. Ninachoweza kuchagua ni mdomo utakaolisema.

Ulikuwa mdogo nilipokuwa bwana afya na kituo chetu cha afya kikipokea wanafunzi. Walikuja kwa makundi, kila kundi likakaa miezi michache, na mimi nilipewa saa moja na nusu, Ijumaa mchana, baada ya chakula, wakati hata inzi wamesinzia. Somo langu liliitwa usafi wa mazingira. Halikuwa na mtihani wa kuandika. Lilikuwa na mstari mmoja katika kitabu chao cha vitendo: "Amechimba shimo la taka." Mbele yake kisanduku cha kutia alama, na mahali pa sahihi yangu. Basi. Mto, upepo, udongo, mashamba na watu wote wa bondeni walikuwa ndani ya kisanduku kile kimoja.

Nililalamika, hilo nitajitetea. Nilikwenda kwa wakubwa nikadai siku nzima, nikadai mtihani. Wakaniambia ratiba imejaa. Ningeweza kukataa kutia sahihi. Sikukataa. Nilifanya walilofanya wasomi wengi wa nchi hii walipobanwa: nilibaki na hasira yangu, na kazi nikaifanya kama walivyotaka.

Sasa fikiria udongo wa Kilosa wakati wa kiangazi. Ule mweusi wa nyuma ya kituo ukipiga jembe linarudi usoni. Wanafunzi kumi na wawili hawawezi kumaliza shimo la kina cha mtu kwa saa moja na nusu. Kuchimba kulipangwa Ijumaa ya mwisho: kundi la kwanza walifika magotini, muda ukaisha, na Jumatatu yake walikuwa wanaondoka. Walinizunguka: "Bwana Afya, tutakwenda bila sahihi?" "Bwana Afya, tutarudishwa mwaka!" Msichana mmoja akaanza kulia. Nikatazama huku na huku, nikaona kule chini, hatua kama mia mbili, mchanga wa mto Mkondoa, mkavu, laini, unaochimbika kwa sahani. Nikasema, "Haya, chukueni mabeleshi, twendeni."

Kwa hiyo, mwanangu, mahali pa lile shimo hapakuchaguliwa na elimu. Palichaguliwa na ratiba.

Shangazi yako alikuwa analima mpunga jirani na hapo. Alituona tunapita na mabeleshi, akasimama na jembe begani, kitenge amekifunga kiunoni, akacheka.

"Shikamooni walimu! Bwana Choo, unakwenda kumzika nani?"

Unamkumbuka. Hakuniita kaka mbele ya watu hata siku moja. Nilikuwa Bwana Choo.

"Tunachimba shimo la taka," nikamwambia.

"Hapo? Hapo mto ulilala masika ya juzi. Mimi mwenyewe niliokota kambare hapo."

"Pelagia, hii ni kazi ya kitaalamu."

"Haya, mtaalamu. Mto nao ukija na shahada yake mtaelewana."

Wanafunzi walicheka sana. Mimi nilikuwa na kitabu mkononi, cha Kiingereza, chenye picha nzuri ya shimo: kina hiki, upana huu, umbali huu kutoka nyumba. Niliwafungulia picha ile ili kumnyamazisha dada yangu. Picha haikuwa na mto. Aliyeichora alikaa nchi ambayo mto hukaa kitandani kwake mwaka mzima, nami nilisoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote wa wilaya hii, na sikuona kwamba picha haina mto.

Kundi la pili lilipokuja, shimo la kwanza lilikuwa halijajaa hata robo. Lakini kitabu chao kiliandika "Amechimba", hakikuandika "Ametumia". Wakachimba lingine. La tatu lilichimbwa na kundi la mkufunzi wenu yule. Alikuwa hodari, alimaliza kabla ya wenzake, akaniuliza, "Bwana Afya, sasa hili la pili tulifukie tupu?" Nikamwambia afuate ratiba. Tulifika mashimo saba. Na kwa kuwa vijana husahau, nikawatungia wimbo wa maneno mawili wa kuimba wakichimba: choma, fukia! choma, fukia! Waliupenda. Walikuwa wakiuimba hata wodini wakipeleka ndoo.

Kwa haki, wimbo ule haukuwa mbaya ulipozaliwa. Enzi hizo bomba la sindano lilikuwa la kioo. Likichemshwa lilirudi kazini, na sindano yake ilinolewa mpaka ikawa fupi. Bandeji zilifuliwa zikaanikwa, glavu zilioshwa, zikapakwa poda, zikatundikwa kama soksi. Kilichokwenda shimoni kilikuwa pamba, makaratasi, kondo la nyuma. Moto uliviweza, udongo uliviweza.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Unakumbuka jinsi maduka ya Magomeni yalivyojaa ghafla: sabuni za rangi tatu, mitumba, betri, redio. Tulishangilia wote, hata mimi niliyeandika dhidi ya soko huria nilivaa suruali yake. Na kituoni nako vikaja vya plastiki. Bomba la kutumia mara moja, glavu ya mara moja, chupa ya dripu ya mara moja, mipira yake, vifuniko vyake, dawa za msaada zilizokwisha muda zikiwa njiani. Mgonjwa akaanza kununua bomba lake dukani na kuja nalo mfukoni. Ilikuwa kheri kubwa, usinielewe vibaya. Mabomba yale yaliokoa watu, kwa sababu yale ya kioo tulikuwa tunayachemsha kwa kuni mbichi tukiomba Mungu. Lakini hakuna aliyekuja na sanduku lile akasema: na hiki kikishatumika, kiende hapa. Walileta mwanzo wa kitu, mwisho wakatuachia.

Nasi tulikuwa na wimbo. Tulimimina mafuta ya taa, tukawasha, moshi mweusi ukapanda, tukaimba. Plastiki haichomeki hivyo. Huyeyuka, ikamiminika juu ya sindano, ikaganda kama ukoko wa wali, na ndani ya ukoko sindano zikakaa salama, hazipati hata kutu. Nilichokoa Jumatatu moja kwa fimbo nikaona. Nikaona, Skola. Nikasimama pale nikijua kwamba somo langu limekufa. Ijumaa iliyofuata nikalifundisha tena, kwa sababu sikuwa na lingine la kuweka mahali pake, na wanafunzi walikuwa wamekuja na vitabu vyao.

Kama kuna kitu unataka kuchukua kwangu, labda ni hicho: nilivyojua Jumatatu na kufundisha Ijumaa. Sijui ukifanyie nini.

Masika yaliyofuata Mkondoa ulitoka. Tulizoea mto kutoka. Huu ulitoka usiku mmoja ukarudi siku ya tatu, ukaacha matope na magogo. Watu wa bondeni wakaanza kupanda tena haraka kabla matope hayajakauka. Siku hiyo nilikuwa ofisini naandika barua kwa gazeti. Nilikuwa nawashambulia wahisani. Ilikuwa barua nzuri. Shangazi yako akaja mlangoni, matope mpaka mapajani, mguu mmoja ameufunga kwa upande wa kanga.

"Kaka," akasema. Hiyo "kaka" ilinishtua kuliko damu. "Kaka, njoo uone. Shamba langu limeota sindano."

Nilikwenda. Mashimo mawili yalikuwa yamefunguliwa kama mdomo. Ule ukoko mweusi ulikuwa umevunjika vipande, umetapakaa katika majaruba yake, na sindano zimesimama, nyingine wima kabisa kama miche, nyingine zimelala chini ya tope la kidole kimoja. Mipira ya dripu ilikuwa imejizungusha kwenye mabua. Alikuwa amekanyaga moja, katikati ya unyayo, akaing'oa mwenyewe kwa kucha akaendelea na kazi mpaka alipoiona ya pili.

"Zimetoka kwenye mashimo yako?" akaniuliza.

Nikasema, "Hizi zimetoka juu. Mto umezoa toka huko milimani."

 Huko milimani, mwanangu, hakukuwa na zahanati ya kutoa hata ndoo moja ya vitu vile. Shangazi yako alijua hivyo, na mimi nilijua kwamba anajua. Akasema tu, "Haya, Bwana Choo. Basi nisaidie kuokota."

Tuliokota mpaka jua likazama, mimi na glavu mbili, yeye na vijiti. Kesho yake nikatakiwa kuandika taarifa, na niliandika hivyo hivyo: taka zimeletwa na mafuriko kutoka sehemu za juu. Orodha ya watu wa kupunguzwa kazini ilikuwa inazunguka wakati ule. Niliogopa. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Mimi niliyewaita mawaziri waoga kwa majina yao.

Mguu wake ulivimba, ukapona. Baada ya kama miaka miwili ndipo alipoanza kunywea. Macho yakawa ya njano, mikono myembamba, tumbo likajaa. Ulikuwa unalala kwake wakati huo, ulimpikia uji, unayajua haya kuliko mimi. Usilolijua ni hili. Mji ulipoanza kunong'ona kwamba Pelagia ni mjane, anauza mchele kwenye magulio, anasafiri na madereva, kwa hiyo ameyatafuta mwenyewe, mimi nilikuwa na maneno matano ya kuwanyamazisha: "Alichomwa na sindano ya kituo." Sikuyasema. Ulirudi siku moja kutoka shule, kola ya shati imeng'oka, mdomo umepasuka, umepigana na msichana wa mtaa wa Mabwerebwere aliyemtukana shangazi yako. Mama yako alikuchapa kwa kupigana. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo ninaposhika kalamu hii, nikasoma gazeti. Ulinitazama, ukingojea niseme neno. Niligeuza ukurasa.

Msichana wa miaka kumi na minne alimtetea dada yangu kwa meno. Mimi nilimwacha asingiziwe mpaka akazikwa, kwa sababu utetezi wake ulikuwa shimo langu.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana utakwenda kusoma na utajua kuliko mimi. Siwezi kuthibitisha kwamba ni ile sindano. Nimesoma kila nilichopata. Vijidudu vingine hufa upesi nje ya mwili. Vingine, vya ini, huvumilia zaidi. Na sindano zile zilipita motoni kidogo, zikakaa mchangani, zikapita majini. Huenda ni sindano, huenda ni kitu kingine kabisa. Hakupimwa. Kipimo kilikuwa mbali, na nilipomwambia twende alisema, "Nikajue ili iweje? Kama kosa ni lako utalia, kama ni langu watacheka." Nimekuwa mtu wa hoja maisha yangu yote, Skola, na katika jambo hili moja lililonihusu sina hoja. Nina unyayo wa dada yangu tu, na kimya changu.

Orodha ile ya kupunguzwa kazini ilinikumba pamoja na hofu yangu yote. Kwa hiyo ule uongo haukuninunulia hata kazi.

Nilijaribu kurekebisha. Nataka ujue nilijaribu, si ili unisamehe, ila ujue jinsi kujaribu kulivyo. Kesho ukibadilisha basi Mikumi, utaona zahanati ya mtu binafsi kando ya barabara kuu. Ni moja ya zile zilizofunguliwa serikali iliporuhusu. Mwenyewe aliniita nimshauri juu ya shimo. Nilikwenda kwa furaha ya mtu aliyepata nafasi ya pili. Nilikuta hatuna haja ya mto: pale kuna nyani. Walikuwa wanafukua shimo lake kila asubuhi, wanakula makombo ya wagonjwa, wanaondoka na vingine. Nilimwona dume mmoja amekaa juu ya paa la wodi, amejivika mpira wa dripu shingoni, anatafuna bomba la sindano kama mua. Mlinzi akanipigia saluti, akasema, "Mzee, huyo ndiye daktari wa zamu."

Nilimwambia mwenye zahanati ajenge shimo la zege lenye kifuniko kizito, na kisanduku kigumu cha sindano, na zaidi ya yote awafundishe wauguzi wake kutenga taka pale pale kitandani, maana zikishachanganyika hakuna anayeweza kuzitenganisha. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akaniuliza, "Wauguzi wangu wamesomea hayo wapi?"

Nikasema hawajayasomea.

"Basi, mzee, unataka mimi nianze chuo?"

Nikampa makala zangu mbili zilizowahi kuchapwa. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema atazisoma, na nilipokuwa natoka akaniambia, si kwa ubaya, "Tatizo ni kwamba nyani hawasomi magazeti." Nilisimama kituoni kusubiri gari la Kilosa nikiwa na jibu kali sana kichwani. Mpaka leo ninalo. Sina wa kumpa.

Alikuwa na haki, unaona. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa. Muuguzi aliye kazini hana muda, mwenye zahanati hana sababu, mfagizi hana sauti. Mahali pekee ambapo mtu angeweza kuyashika haya kabla mkono wake haujazoea ni chuoni, na chuoni nilikuwapo. Nilipewa. Nilipewa saa moja na nusu kila Ijumaa, nikaigeuza wimbo.

Kuna jambo baya zaidi, na sijamwambia hata mama yako. Mashimo yalikuwa saba. Mto ulifungua mawili. Matano yako bado kule chini na sijui yako wapi. Sikuchora ramani, kitabu hakikudai ramani. Mkondoa ulihama kidogo, mchanga umefunikwa na tope jeusi, na watu wamepanua mashamba mpaka juu yake. Mwezi uliopita nilishuka na fimbo ya chuma, nikachoma ardhi toka asubuhi kama mtu anayetafuta maji. Watoto walinifuata wakicheka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamwambia kila kitu, ndiyo, kila kitu, mara ya kwanza kwa kinywa changu. Akanikaribisha kiti.

"Sasa Bwana Afya, unataka watu waache kulima?"

"Wavae viatu angalau."

"Viatu gani vya kulimia mpunga?"

Nikamwonyesha kule bondeni kwa fimbo.

"Uniambie ni wapi, nitaweka alama," akasema. "Ukiniambia bonde zima, hujaniambia kitu."

Nilirudi nyumbani. Kila masika yakianza nasikiliza mvua, na siwezi kuisikiliza kama mvua.

Sikukuambia haya ili ubaki. Nenda. Sikukuambia ili uchukie chuo. Kazi ya kumshika mtu anayeumwa ni kazi njema, na una mikono ya shangazi yako. Utakutana na watu wanaojua kukasirika vizuri, na wengi watafanana nami: wana vitabu, wana ulimi, wanaona kosa lililo mbali kwa umbo lake na rangi yake. Usiwadharau, mara nyingi wanasema kweli. Mimi nilisema kweli juu ya wizara, juu ya wahisani, juu ya wafanyabiashara wa dawa. Katika barua zangu zote hamna neno "shimo". Ukitaka kumjua mtu wa aina yangu, tafuta neno ambalo hajawahi kuliandika.

Kama hutaki kuniaga kesho, mama yako atakusindikiza stendi. Nitaelewa. Sanduku nitalibeba mpaka mlangoni tu.

Lakini barua hii si mali yako peke yako. Wasomee wenzako wa mwaka wa kwanza, bwenini, wote, na ulitaje jina la Pelagia kwa sauti. Nami sasa nasema nao.

Ninyi mnaomsikiliza Skola: itakuja siku mtakapopewa mabeleshi mchimbe shimo ili mtiwe alama. Wekeni mabeleshi chini. Mwambieni mkufunzi awatembeze kwanza, kwa miguu, toka kitanda cha mgonjwa mpaka pale maji ya masika yanapofika, na awaonyeshe ramani ya mashimo yaliyotangulia. Kama hana ramani, ichoreni ninyi kabla hamjashika sindano hata moja. Akiwatisha kwa kuwanyima sahihi, kataeni pamoja. Asiwepo mmoja kati yenu atakayeinama kuchimba.